Tulichapwa na Hatukufa? Njoo Tuangalie Foleni ya Presha

Kuna sentensi moja ambayo ukikaa Kombewa kwa wiki moja tu, lazima utaisikia. Utaisikia kwa steji ya boda, utaisikia matangani, utaisikia kwa mwalimu mstaafu akinywa chai sokoni: "Sisi tulichapwa, tukatukanwa, tukalala njaa, na hatukufa. Nyinyi watoto wa siku hizi mmedekezwa."

Leo nataka tuichukue hiyo sentensi kwa uzito na tuipime, kwa sababu wanaoisema ni watu tunaowaheshimu na hawasemi uongo. Ni kweli hawakufa. Lakini jamani, kutokufa ni kipimo cha chini sana. Mimi swali langu ni lingine: mwili wa yule mtoto aliyechapwa uko namna gani leo akiwa na miaka 45? Chagua siku ya kliniki ya presha na sukari, ingia hospitali yoyote kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, uangalie benchi. Si wazee wa miaka 80 peke yao. Kuna mama wa miaka 38, kuna jamaa wa miaka 42 ameshika helmeti ya boda, na wote wana kadi ya kliniki mkononi. Hatukufa, sawa. Lakini tunaugua, na wengine wetu tunaugua mapema.

Msimamo wangu nausema sasa hivi usije ukadhani nakuzungusha. Yale yanayompata mtoto moyoni, yaani hofu ya kila siku, kipigo, matusi, kudhulumiwa, kufiwa bila mtu wa kumshika mkono, hayaishii moyoni. Yanaingia mwilini, na miaka 20 au 40 baadaye yanaweza kutokea tena yakiwa na jina la hospitali: presha, sukari, kiharusi, ugonjwa wa moyo. Na sisi wa umri wangu, tunaoanza kuzaa na kulea saa hii, ndio tuko na nafasi ya kuikata hii kamba.

Mimi si daktari. Ninatengeneza video na kuandika maoni. Lakini kusoma najua, na macho ninayo.

Daktari wa unene aliyepata kitu kingine

Wacha nianze mbali kidogo, nitarudi nyumbani. Miaka ya 1980, kule San Diego nchini Marekani, daktari mmoja anayeitwa Vincent Felitti alikuwa anaongoza kliniki ya kusaidia watu wanene kupita kiasi wapunguze uzito. Kliniki ilikuwa inafanya kazi, watu walikuwa wanapungua kweli. Shida ikawa ya ajabu: wengi waliokuwa wanaacha matibabu ni wale waliokuwa wanafaulu. Mtu anapunguza kilo nyingi, halafu anatoweka.

Felitti akaanza kuwatafuta na kuwahoji mmoja mmoja, maisha yao yote tangu kuzaliwa. Akakutana na kitu ambacho hakuwa anakitafuta. Wengi wao walikuwa wamedhulumiwa kingono wakiwa watoto. Kumbe kwa baadhi yao ule unene haukuwa tatizo, ulikuwa ngao. Chakula kiliwatuliza, na mwili mkubwa uliwafanya wasitamaniwe. Ukiwaondolea unene bila kugusa kilichouleta, umewavua nguo ya vita katikati ya vita.

Baadaye yeye na mwenzake Robert Anda, wa shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, wakafanya utafiti mkubwa kati ya 1995 na 1997. Waliuliza watu wazima zaidi ya 17,000 maswali ya utotoni. Ulipigwa mpaka ukaachwa na alama? Ulitukanwa au kutishwa na mtu mzima wa nyumbani? Kuna mtu alikushika vibaya? Mama yako alikuwa anapigwa? Kulikuwa na mlevi nyumbani, au mtu mwenye ugonjwa wa akili, au aliyefungwa jela? Kisha wakalinganisha majibu na afya yao ya sasa.

Matokeo ya kwanza yalitoka 1998. Zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamepitia angalau jambo moja. Na waliopitia mambo manne au zaidi, ukiwalinganisha na wale ambao hawakupitia hata moja, uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa wa moyo ulikuwa takriban mara mbili. Saratani karibu mara mbili. Kiharusi zaidi ya mara mbili. Ugonjwa sugu wa mapafu karibu mara nne. Hata sukari ilipanda.

Sasa sikiza hii, maana ndiyo ilinishika. Hao hawakuwa maskini wa mtaa wa mabanda. Wengi walikuwa watu wa tabaka la kati, wana bima ya afya, wana kazi, wengi wamefika chuo. Kwa hivyo huwezi kusema ni umaskini tu. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya nyumba zao, nyumba nzuri zenye stima na maji.

Kiboko wa ziwani na kiboko cha nyumbani

Hofu inaingiaje kwenye mishipa ya damu? Hakuna uchawi hapo, na ukikaa karibu na ziwa utaelewa haraka.

Fikiria mvuvi wa Seme anavuta nyavu usiku, ghafla kiboko anainua kichwa kando ya mtumbwi. Kabla hata hajafikiria, mwili wake umeshaamua. Adrenalini inamwagika, moyo unapiga mbio, presha inapanda, maini yanatoa sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupiga kasia. Homoni nyingine, kotisoli, inakuja nyuma kuhakikisha nguvu haiishi haraka. Hata kinga ya mwili inajiweka tayari, maana huenda kukawa na jeraha. Huu ni mpango mzuri sana. Kiboko akizama zake, mvuvi anafika ufukweni, anasimulia wenzake, wanacheka, mwili unarudi chini.

Lakini Kiswahili chetu kina utani mchungu: kiboko ni yule mnyama, na kiboko ni mjeledi pia. Yule wa ziwani unakutana naye mara moja kwa mwaka. Kile cha nyumbani mtoto anakutana nacho kila jioni. Anasikia pikipiki ya baba ikikata kona na tayari moyo wake unapiga mbio. Anasikiliza hatua za miguu ajue leo baba amekunywa au hajakunywa. Presha inapanda, sukari inatoka, kinga inasimama macho, lakini hakuna kasia la kupiga wala ufukwe wa kufikia. Kesho hivyo hivyo. Mwaka ujao hivyo hivyo. Mwili ambao bado unajengwa unajifunza kwamba dunia ni kiboko, na unajipanga kuishi namna hiyo: tayari, macho, moto.

Kule New Zealand, katika mji wa Dunedin, watafiti wamekuwa wakifuatilia watoto takriban 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973, na bado wanawafuata. Walipofika miaka 32 walipimwa damu. Waliotendewa vibaya kabla ya kutimiza miaka 10 walikuwa na dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ule moto mdogo wa mwilini ambao hauonekani lakini unahusishwa na ugonjwa wa moyo. Miaka 20 na zaidi imepita, aliyempiga labda amezeeka au amekufa, na damu bado inabeba alama.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili unaijua bila utafiti. Mtu akibeba maumivu atatafuta kitu cha kuyatuliza: chang'aa, sigara, bangi, kula bila njaa, kukesha. Sisi tunamwita mlevi, mzembe, asiyejipenda. Felitti yeye aliona vingine: kile tunachokiita tatizo la mtu, mara nyingi kwake kilianza kama dawa. Dawa mbaya, dawa inayoua, lakini ilikuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Kuna ya tatu ambayo haizungumzwi sana. Mtoto aliyejifunza kwamba akilia hakuna anayekuja, akiwa mtu mzima haendi hospitali mapema. Anaenda akiwa amezidiwa. Akipewa dawa za presha anazikunywa wiki mbili, akijisikia afadhali anaacha, na hamwambii sista ukweli kwa sababu tangu zamani anajua mkubwa ukimwambia ukweli unaumia.

Sasa turudi kwetu

Serikali ya Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2010. Waliulizwa vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Kati ya wasichana, 66% walisema walipigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Wavulana, 73%. Ukatili wa kingono, 32% ya wasichana na 18% ya wavulana. Vijana wale wa 2010 leo wako na miaka 30 na kitu hadi 40. Ndio hao wanaanza kuketi kwenye lile benchi.

Miaka mitano baadaye, 2015, ukafanyika utafiti mwingine wa kitaifa, huu wa magonjwa yasiyoambukiza. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu, 56%, walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Hizi tafiti mbili zilifanywa mbali mbali na hakuna aliyeziunganisha mtu kwa mtu, kwa hivyo sisemi moja ni mama wa nyingine. Nasema ni nchi moja, watu ni wale wale, na hatujawahi kuketi chini tukaziweka kwenye meza moja.

Halafu hapa Nyanza tuna yetu. Ukimwi. Mwaka 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa, lakini huku kando ya ziwa tulikuwa tumeshachimba makaburi mengi. Kabla dawa hazijaenea, kulikuwa na maboma ambapo mama na baba walifuatana. Tunazungumza sana kuhusu waliokufa. Hatuzungumzi kuhusu waliobaki, wale wa miaka sita, tisa, kumi na moja, waliomuuguza mama kisha wakamzika, kisha wakagawanywa kwa ndugu kabla hata udongo haujakauka.

Shangazi yangu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita waya, ni mmoja wao. Alikuwa na miaka tisa. Hakuna mtu aliyemketisha chini kumwambia mama yake aliugua nini. Alipopelekwa alikuwa anaamka gizani kuchota maji, analala wa mwisho, na kikombe kikivunjika ni kiboko. Leo hajafika hata 40, ana presha na ana sukari. Kliniki anayoenda walimwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta, atembee. Ushauri mzuri kabisa. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza, "Mama, ulikulia wapi? Nani alikulea?" Siwezi kuapa kwamba utoto ule ndio uliompa presha. Hakuna anayeweza kuapa hivyo kwa mtu mmoja. Ila nakumbuka siku mtoto wake aliacha mbuzi wakaingia kwenye mahindi, naye akaokota fimbo, na kijana mmoja wa boma alipojaribu kumzuia akamjibu: "Mimi nilipigwa nikiwa mdogo kuliko huyu, na sikuwa na kitu chochote." Kadi ya kliniki ilikuwa kwenye mkoba begani mwake.

Hapo ndipo nilianza kuandika hii kitu.

Na tusisahau watoto wa mjini. Kisumu imepitia uchaguzi baada ya uchaguzi. Mwaka 2017 mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alikufa baada ya polisi kuvamia nyumba yao Nyalenda usiku. Taifa lilimlilia, na ilikuwa haki. Lakini nyumba ngapi za jirani zilikuwa na watoto wa miaka mitano waliosikia mlango ukipigwa teke usiku ule? Hao hawakuingia kwenye gazeti. Wako hai. Tutakutana nao kliniki mwaka 2050 kama hatutafanya kitu.

Chira, na kwa nini haitoshi

Wazee wetu hawakuwa mbali sana na hili jambo. Mjaluo akikonda bila sababu, swali la kwanza lilikuwa: nini kimevunjika nyumbani? Hiyo ndiyo chira, ugonjwa unaokuja kwa sababu mtu amevunja kwer, yaani mwiko wa boma. Kwa maneno mengine, wazee walijua kwamba mwili wa mtu na mambo ya nyumba yake haviko mbali.

Lakini chira ilikuwa na kasoro mbili, na tuziseme. Ya kwanza, ilitafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi aliyelaumiwa ni mwanamke au marehemu mwenyewe. Ya pili, wakati wa Ukimwi, kuna watu waliofia nyumbani wakisubiri kutakaswa badala ya kupimwa. Sitaki sayansi ya utotoni igeuke kuwa chira mpya. Sitaki mtu asome hii kisha aache dawa zake za presha ati shida yake ni ya moyoni. Kunywa dawa. Presha inaweza kupasua mshipa wa ubongo hata kama umemsamehe baba yako.

Na sitaki mtu aende kumfokea mama yake mzee: "Umeona? Wewe ndiye umenipa sukari!" Mama zetu wengi walilea peke yao, na mume yuko Nairobi, au yuko beach, au yuko kaburini. Walikuwa wanafanya walichofanyiwa. Ukianza kufuata kamba ya lawama, utafika kwa babu wa babu na bado hujapata presha ikishuka.

Pia usije ukajihesabu: "Mimi nimepitia mambo matano, basi nimekwisha." Anda mwenyewe, miaka mingi baada ya utafiti wake, ameonya kwamba ile hesabu ilitengenezwa kupima umati wa watu, si kumtabiria mtu mmoja maisha yake. Presha ina sababu nyingi: urithi, chumvi, uzito, umri, pombe, kazi. Utoto ni mojawapo. Ninachokataa ni kwamba ndiyo hiyo moja ambayo hatuitaji kabisa.

Mtu mmoja tu

Hapa sasa ndipo habari njema iko. Kwenye kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Waliangalia hasa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa: umaskini, ulevi, ugomvi nyumbani, wazazi wagonjwa. Karibu theluthi moja ya hao walikua wakawa watu wazima imara, wanaofanya kazi na kupenda. Walipotafuta siri, jambo moja lilirudi tena na tena: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama naye. Si lazima awe mzazi. Nyanya, mwalimu, jirani.

Ukiwa Mjaluo unasoma hiyo unatabasamu, kwa sababu sisi tulikuwa na nyumba nzima ya kazi hiyo. Iliitwa siwindhe. Nyumba ya mama mzee, pim, ambapo watoto walilala, wakapewa hadithi na vitendawili, wakafundishwa maisha, na wakasema mambo ambayo hawawezi kumwambia mama. Mtoto aliyekuwa na baba mkali alikuwa na mahali pa kwenda usiku. Siwindhe ilipokufa, kwa shule za bweni na kuhamia mjini na vifo vya miaka ya tisini, hatukuweka kitu kingine mahali pake. Fimbo tuliibakisha, siwindhe tukaiacha. Halafu tunasema tunalea "kama zamani".

Zimbabwe wamegundua jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mama wazee 14 huko Mbare, Harare. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, walioketi na hao nyanya walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi na nyanya. Hakuna mashine.

Na sisi Kombewa hatuna sababu ya kusema haya ni mambo ya wazungu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ile Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, ilijaribiwa hapa pia. Kombewa ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika katika utafiti ule mkubwa ulioanza 2009, pamoja na Siaya na Kilifi kwa upande wa Kenya. Mama zetu walibeba watoto wakaenda kuchomwa sindano na kufuatiliwa kwa miaka. Tunaelewa vizuri kwamba kitu unachompa mtoto akiwa na miezi mitano kinaweza kumlinda baadaye. Basi tuelewe na upande wa pili: kitu unachomfanyia akiwa na miaka mitano kinaweza kumuumiza baadaye.

Tufanye nini

Kwa wazazi wa umri wangu: methali inasema samaki mkunje angali mbichi, na watu huitumia kutetea fimbo. Lakini muulize mama yeyote anayekaanga ngege. Samaki mbichi unamkunja kwa vidole, polepole. Ukimpiga na rungu hujamkunja, umemharibu, na hakuna atakayemnunua. Nidhamu ni kumkunja mtoto. Mweke sheria, mnyime simu, mpe kazi, mwambie hapana na ubaki kwa hapana. Kumtia hofu ni jambo lingine. Shuleni fimbo ilipigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Ukiona bado inatumika usikae kimya ati mwalimu ni mkubwa.

Na inawezekana kubadilika. Ule utafiti wa taifa ulirudiwa, na matokeo ya 2019 yakaonyesha wasichana waliopigwa utotoni wameshuka kutoka 66% hadi karibu 39%, wavulana kutoka 73% hadi karibu 52%. Ukatili wa kingono kwa wasichana ulishuka kutoka 32% hadi karibu 16%. Bado ni wengi mno. Lakini kwa miaka isiyofika 10, hiyo si kidogo. Anayesema "watu wetu hawabadiliki" hajaangalia.

Kwa wahudumu wa afya: tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanazunguka boma kwa boma na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Wanajulikana, wanaaminika, wengi ni mama zetu. Siombi waanze kuuliza watu maswali ya kudhulumiwa mbele ya mume na watoto. Hiyo ni hatari, na ukifungua kidonda bila dawa umefanya ukatili mwingine. Naomba swali moja dogo baada ya kupima: "Ukilemewa, unaongea na nani?" Jibu likiwa "hakuna", hiyo nayo ni namba ya kuandikwa kwenye daftari, kama presha ya 160. Na katika kila kliniki ya presha pawe na benchi moja la kusikilizwa, na mama mzee aliyefundishwa na kulipwa. Mabenchi tunayo. Mama wazee tunao.

Kwa mtoto au yeyote anayemwona mtoto akiumizwa: namba 116 ni ya bure, ni ya kusaidia watoto. Ihifadhi kwenye simu leo.

Na kwako wewe uliyepigwa na hukufa: nafurahi uko hapa. Kweli kabisa. Ulikuwa na nguvu ambazo hukupaswa kuzihitaji ukiwa na miaka saba. Lakini usimpe mwanao mtihani ule ule ati kwa sababu wewe ulipita. Nenda upimwe presha wiki hii, si gharama kubwa. Halafu jioni, ukifika nyumbani, zima pikipiki polepole, na uangalie watoto wanakimbilia wapi. Wakikimbilia kwako, uko sawa. Wakikimbilia nyuma ya nyumba, sasa unajua kazi iko wapi.